Nani Alisema Misri Watashinda?

Kila asubuhi Mwavita alimpitia Katungu kwao, nyuma ya duka la baba yake, mtu aliyehamia Kindu kutoka milimani, wakaenda shule pamoja, viatu mkononi visije vikachafuka kwa matope ya Machi. Wote wawili walikuwa darasa la sita, na wote wawili walikuwa wagonjwa wa mpira. Mwaka ule wa 1974 Zaire ilikuwa Misri kugombea Kombe la Afrika, na timu zilizobaki zilikuwa nne tu. Atakayefungwa sasa hana bahati tena.

"Zambia watawapiga Brazza, wale Wakongo wa ng'ambo ya mto," alisema Katungu Ijumaa, siku moja kabla ya mechi. "Na sisi?"

"Sisi?" Mwavita akacheka. "Misri iko kwao! Uwanja wao, watu wao. Kama Brazza walitufunga juzi, Misri watatuacha? Watatupiga mbili."

"Mimi pia naogopa hivyo," Katungu alijibu kwa huzuni.

Wasichana waliotangulia mbele yao walisikia. Basi, ulimi hauna mfupa! Kabla kengele haijalia, shule nzima ilijua kwamba mtu wa darasa la sita ameitabiria Zaire kushindwa.

Siku hizo jambo hilo halikuwa mchezo. Chama kilikuwa kimoja, na kusema nchi itashindwa, hata kwa mpira, kulikuwa kama kuitukana. Bendera ilipokwisha kupanda, mwalimu mkuu Bulaimu alisimama mbele ya mistari huku akitupia jicho barabarani, maana naye alikuwa na wakubwa wake wa kuwaogopa.

"Nani alisema Misri watashinda?"

Macho yakawageukia Mwavita na Katungu. Mwalimu akawasogelea. "Ni nani kati yenu?"

Mwavita alimfikiria baba yake, mfanyakazi wa reli, anayekula mkate wa serikali.

"Njo Katungu, Mwalimu. Ni yeye."

Katungu alimgeukia, wala yeye hakumtaja Mwavita.

"Wageni hawa wa milimani!" mtu akanong'ona nyuma, na mara wote wakaamini. Waliosikia ukweli njiani walinyamaza, kwa sababu nao walikuwa na baba zao. Katungu, aliyekuwa akiongoza kundi la wachezaji ngoma wa shule, akaondolewa. Akapewa jembe apalilie kiwanja Jumamosi mpaka jioni. Na nafasi yake ya mbele akapewa nani? Mwavita! Hakuiomba, lakini hakuikataa.

Jumamosi kundi lilifanya mazoezi kiwanjani, redio ya mwalimu ikitangaza mechi dirishani. Misri wakafunga. Wakafunga tena. Watoto wakaanza kumkodolea macho Katungu kana kwamba yeye ndiye aliyeupiga mpira ule. Ghafla Zaire wakarudisha moja, wakasawazisha, wakaongeza la tatu! Tatu kwa mbili! Watoto wakarukaruka, wakakumbatiana, wakapiga vigelegele.

Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Katungu. Alitupa jembe akaja mbio, matope mpaka magotini, anacheka na machozi yanamtoka. Mbaraka, kiranja wa darasa, akamzuia kwa mkono.

"Wewe muntu wa Misri, rudi kwenye majani yako!"

Katungu akarudi. Mwavita alikuwa pale mbele, ngoma inalia, na miguu imekataa kucheza.

Usiku huo alimweleza mama yake, Hawa, kila kitu. Mama hakumpiga. Jumatatu alimshika mkono akaenda naye mpaka kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, ni mimi niliyesema Misri watashinda," Mwavita alisema, akingoja fimbo.

Mwalimu Bulaimu akacheka mpaka meno yote yakaonekana. "Tumeshinda, mtoto! Nani anayajali tena hayo? Mwambie Katungu arudi kwenye ngoma."

Yakaishia hapo. Katungu akarudi mbele ya kundi. Mwavita akamfuata kando ya ukuta, akamwomba radhi.

"Sikutaka unitetee," Katungu alisema. "Ungenyamaza tu. Tungelima wote wawili."

Tangu siku hiyo Katungu alikwenda shule kwa njia nyingine.

Alhamisi, Zaire walipoifunga Zambia wakachukua kombe, watu wa Kindu walicheza barabarani. Mwavita alibaki jikoni akilia.

"Mama, si nimesema ukweli? Mbona hanitaki?"

Mama Hawa alipunguza kuni, akakaa karibu naye. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Sikiliza, mwanangu. Kukosea matokeo ya mpira si dhambi. Hata wakubwa wanakosea. Dhambi ni kumuuza mwenzako ili upone wewe. Ukweli umeusema, ndiyo, lakini umeusema wakati hakuna tena wa kukupiga. Wahenga wamesema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki ya Katungu ilikuwa Ijumaa. Wewe umekwenda Jumatatu."