Nilisema Amebaki

"Mume wangu, inatoka! Jamani, inatoka!"

Mke wangu aliingia jikoni na simu mkononi, koti lake jeupe la duka la dawa bado liko mwilini. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini taratibu.

"Nini kinatoka?"

"Filamu yetu! Ile ya stesheni. Wameisafisha upya, hamna chenga hata moja, na chini wameweka maandishi ya Kiswahili. Miaka tisa naiomba hii kitu, Mdomo. Hufurahi?"

"Nafurahi."

"Mbona umekunja uso kama mtu aliyetafuna kidonge?"

"Chai ya moto."

Chai ilikuwa imepoa zamani.

Acha niseme, maana nimekaa nayo mno. Zamani nilikuwa natafsiri filamu kwenye banda la video. Filamu inasema kigeni, mimi nimekaa kando ya televisheni na kipaza sauti nasema Kiswahili. Stelingi mimi, adui mimi, bibi kizee mimi, hata mbwa akibweka nilimtafsiria. Ndipo watu wakaniita Mdomo. Na kila Jumapili, kiti cha tatu mstari wa mbele, alikaa binti mmoja mwenye pete ya uchumba. Mchumba wake, injinia, alikuwa ng'ambo mwaka wa pili na alimwambia amsubiri. Nilimpenda binti yule mpaka nikawa nakosea majina ya mastelingi.

Jumapili moja nikaweka mkanda wa stesheni. Msichana kwenye filamu naye anamsubiri mchumba aliye mbali. Kila wiki anakwenda stesheni kuulizia barua, na karani wa tiketi anampenda kimyakimya. Mwishoni treni imesimama, karani anamwambia maneno, msichana analia. Baada ya hapo mkanda wetu ulikuwa umechakaa, ni chenga tupu mpaka mwisho.

Maneno ya karani niliyaelewa vizuri. Lakini nilimwangalia yule binti wa kiti cha tatu, nikasogeza kipaza sauti mdomoni na kusema:

"Hajakuandikia hata neno moja. Mimi niko hapa kila siku. Baki."

Chenga zikaanza. Nikamalizia: "Amebaki!"

Banda zima likapiga makofi. Watu walipotoka, yule binti alisimama pale gizani.

"Kweli amebaki?"

"Amebaki."

Mwaka haukuisha, nikamuoa.

Sasa maandishi yanakuja, na picha safi inakuja. Aliagiza diski siku ileile, akaandika anwani ya kazini kwangu redioni, ninakosoma matangazo ya sabuni na mabati. Kifurushi kilifika tarehe nne. Nikatia sahihi, nikakifukia kwenye droo ya chini, juu yake nikapanga betri zilizokufa.

"Bado haijafika?" aliuliza jioni hiyo.

"Bado."

Kesho yake tena. "Bado?"

"Bado, mke wangu. Hawa watu wa vifurushi unawajua."

Akashona pazia zito ili jua la mchana lisipige kioo cha televisheni. Akamwalika dada yake tutazame wote. Akanisimulia mara ya mia jinsi atakavyouona vizuri uso wa yule msichana wa filamu pale anapoamua kubaki. Mimi naitikia tu. Aibu niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Mtu anakupakulia wali na kukupa finyango kubwa, na wewe umemfichia furaha yake kwenye droo.

Wanasema siku za mwizi arobaini. Zangu zilikuwa kumi na tisa. Asubuhi ya Jumamosi, nikiwa kazini, simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Niko ofisi ya vifurushi. Hapa kuna sahihi yako ya tarehe nne. Rudi nyumbani. Njoo nacho."

Nilimkuta sebuleni, pazia limeshushwa, televisheni imewashwa. Hakunisalimia.

"Kwa nini?"

Nikaweka kifurushi mezani.

"Mdomo mzima umekosa la kusema leo?"

"Itazame. Utajua mwenyewe."

"Sitaki kusoma. Nataka kusikia kutoka kwako. Ondoa maandishi, tafsiri."

Nikatia diski, nikatafsiri bila kipaza sauti. Picha ilikuwa safi, mpaka vifungo vya koti la karani unavihesabu. Treni ikaingia. Karani akamshika msichana mkono.

"'Barua zako zote ninazo mimi. Nilizificha kwa sababu nilikutaka. Nisamehe. Panda, anakusubiri.'"

Mke wangu akageuka.

"Hayo maneno ya nani?"

"Yake."

"Na yale ya 'baki'?"

"Yangu."

Kwenye kioo, msichana alikuwa anapanda treni, anafuta machozi, anacheka. Mke wangu akabonyeza rimoti, picha ikazimika.

"Kumbe nimeolewa na karani. Na kifurushi ukanifichia vilevile."

"Mke wangu..."

"Usiniite."

Akatia nguo mbili kwenye mkoba, akaenda kwa dada yake.

Siku tatu nyumba ilinisuta. Shemeji akanipigia.

"Shemeji, umemfanya nini mwenzio? Hali, hasemi, kazi yake kufua mashuka yangu yaliyokwisha fuliwa."

"Nimemkosea, shemeji."

"Hilo naliona. Mimi ugomvi wenu siuingilii, ila mashuka yangu yatachanika."

Usiku ule nilimwandikia:

"Nilikupata kwa uongo. Kama unataka kumtafuta injinia wako, sitakuzuia. Ni haki yako."

Jibu lilikuja saa hiyohiyo:

"Una akili kweli wewe? Nakuja kesho mchana. Usiguse diski."

Alikuja, akaweka mkoba mlangoni, hakuketi.

"Filamu ile uliionyesha siku gani?"

"Jumapili."

"Barua ya kumwacha injinia niliipeleka posta Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa ya kabla yake! Hukuona kidole hakina pete?"

"Banda lilikuwa giza."

"Giza lilikuwa kichwani mwako. Hivi mimi nilikuwa nazipenda zile filamu za mabunduki? Kila Jumapili nilikuja kusikiliza mdomo wako. Nilisimama pale gizani nikingoja uniambie jambo, wewe ukaniambia 'amebaki.'"

"Kwa hiyo uongo wangu..."

"Wa bure! Ulipoteza pumzi." Sauti yake ikabadilika. "Lakini miaka tisa unalala ubavuni mwangu ukiamini nilikuja kwako kwa kudanganywa. Kwamba bila uongo nisingekutaka. Hicho ndicho kimeniuma, Mdomo. Umenidharau, na wewe mwenyewe umejidharau."

Nililia pale pale, mwanaume mzima, huku nimeshika kitambaa cha kufutia televisheni.

"Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini si leo yote. Leo nusu." Akaketi. "Yule dada wa filamu nilimpenda kwa sababu nilidhani tumefanana. Kumbe alikwenda zake. Basi, safari njema. Washa, nimalizie. Na uache kuongeza chumvi."

Nikawasha pale tulipoishia. Treni ikaondoka, msichana akapunga mkono dirishani. Halafu ikaja picha ambayo mkanda wetu ulikuwa umeifunika kwa chenga miaka yote: karani amebaki peke yake stesheni, ameshika kofia, anatazama reli. Picha ilibaki kwenye uso wake muda mrefu.

"Mbona umenyamaza?"

"Hasemi kitu."

"Basi na wewe usiseme."

Akanivuta mkono, akauweka mapajani mwake. Nikanyamaza mpaka mwisho.