Nyota ya Tatu

Siku moja kabla ya gwaride la mwisho wa mwezi, duka la fundi mkabala na lango la kambi hufurika wanajeshi. Huyu kifungo kimedondoka, yule suruali imembana tumbo. Pasi inafuka mvuke, cherehani inalia, na mama wa fundi, muuza nyuzi na vifungo, anagombana na wateja kama watoto wake wa kuwazaa.

Siku hiyo Luteni mmoja mrefu, kola imenyooka, alipita pembeni hadi mezani. Fundi hakuinua hata macho.

“Hapa hakuna cheo, kaka. Foleni inaanzia mlangoni.”

Watu wakakohoa kuficha kicheko. Luteni akarudi mlangoni, akasubiri saa nzima kwa ajili ya kifungo kimoja. Kesho yake akarudi na kifungo kingine.

“Hiki umekikata mwenyewe,” fundi alisema, akikigeuzageuza.

“Umejuaje?”

“Uzi uliochoka hukatika vibaya. Huu umekatwa kwa wembe.”

“Basi nikamate, fundi.”

Akamkamata. Kwa miezi mitano simu yake haikutulia: “Umekula, kipenzi?” “Nimekula, afande wangu. Wewe je?” Fundi akawa anavaa gauni lake la bluu bahari hata siku za kufagia duka, na mama yake anamtazama tu, pini mdomoni.

Kizaazaa kililetwa na Koplo mmoja mwenye mdomo usio na mlango.

“Shemeji, mambo yako safi! Luteni wako sasa anakula posho ya kapteni.” Akachukua suruali yake, huyoo, akaondoka.

Fundi akabaki na mkasi hewani. Posho ya kapteni? Kapteni ana nyota tatu begani, Luteni mbili. Yeye ndiye mshonaji, nani wa kumfundisha? Akapiga simu ya ofisini kwa Luteni.

“Kamanda wa kombania, nakusikiliza,” ilijibu sauti ile ile inayomwita kipenzi.

“Samahani, nimekosea namba,” alisema, akakata.

Kichwa kikawa kama uzi uliojisokota kwenye bobini ya cherehani. Kombania huongozwa na kapteni; basi anakalia kiti cha kapteni. Analipwa kama kapteni. Mbona anavaa nyota mbili? Mbona hajasema? Au kuna mwingine anayeambiwa? Aligeuza neno hilo usiku na mchana, mwisho akachagua kuamini zuri: mwanaume huyu ni mnyenyekevu, hajapata tu wa kumshonea.

Jaketi lake lilikuwa pale dukani, limeletwa mfuko uzibwe. Fundi akaziba mfuko. Kisha, kwa uzi bora kuliko wote aliokuwa nao, akashona nyota ya tatu kila bega, akapiga pasi, akakunja. Luteni akalichukua mbiombio, na alfajiri ya gwaride akalivaa bila kuwasha taa.

Saa mbili simu ikaita.

“Umenishonea nini wewe?”

“Haki yako, mpenzi.”

“Haki yangu? Meja amenihesabia nyota mbele ya gwaride zima kama anahesabu vifaranga! Kuvaa cheo kisicho chako ni kosa, unajua? Nimeambiwa nijieleze kwa maandishi.”

“Kisicho chako vipi, na unalipwa kwacho?”

“Nani kakwambia habari za malipo?”

“Kwa nini hukuniambia wewe?”

“Kumbe na wewe unahesabu nyota.”

“Na wewe kumbe una siri!”

Simu ikakatwa, na kila mmoja akaapa kuwa mwenzake ndiye aliyekata.

Koplo alipoleta soksi mama alimshika mkono. “Mwanangu, lile neno lako la juzi lina mkia. Umalizie.”

Koplo akajikuna kisogo. “Anakaimu tu, mama. Kapteni yuko masomoni. Luteni anafanya kazi yake, analipwa nyongeza kwa siku alizokaa pale. Cheo hakibadiliki. Kapteni akirudi, kiti chake na posho kwaheri.”

“Mbona hukusema yote siku ile?”

“Nilikuwa nachelewa.”

“Nguo ya kuazima haisitiri matako,” mama alimwambia binti yake. “Na wewe umemwongezea pindo.”

Fundi bado hakuelewa kwa nini alifichwa. Lakini alielewa kuwa mtu anaweza kuvuliwa cheo kwa sindano yake. Akachana karatasi ya daftari lake la darasa la jioni analosoma, akamwandikia Meja, akaipeleka langoni mwenyewe.

Wiki tatu hakuna simu. Gauni la bluu likabaki msumarini.

Siku moja kabla ya gwaride lililofuata, foleni ikaanza kupasuka katikati. Wanajeshi walikuwa wanampisha mtu.

“Hapana,” sauti ikasema. “Hapa hakuna cheo.”

Luteni alisubiri hadi zamu yake, jaketi mkononi. Akaliweka mezani pamoja na karatasi ya daftari iliyokunjwa.

“Meja amenisomea ofisini. ‘Kosa ni langu. Nilidhani mtu akipewa kiti hupewa na nguo yake.’ Alicheka mpaka akavua miwani. Nimesamehewa kwa onyo. Na jana Kapteni amerudi.”

“Pole.”

“Mwaka juzi nilikaimu miezi minne. Kuna mtu alinipenda miezi minne ile ile.” Akashusha sauti, na foleni nzima ikasogeza masikio. “Ndiyo maana nilinyamaza. Nilitaka nikuulize siku nina nyota mbili tu. Leo ninazo mbili. Utanikubali niwe mume wako?”

Fundi alilitandaza jaketi, akapitisha kidole begani. Nyota ya tatu ilikuwa imefumuliwa vibaya, kwa hasira. Vitundu vya sindano vimebaki.

“Nani amefumua hivi?”

“Mimi.”

“Kwa wembe tena?”

“Kwa wembe.”

“Mama,” aliita, machozi yakimlengalenga, “shusha lile gauni la bluu. Huyu mtu hawezi kuachwa peke yake na wembe.”