Neno "Huenda" Katika Ripoti ya Maji

Kila asubuhi Kiende alichota mitungi miwili ya maji kwenye kisima cha pampu, kisha akaenda shambani kukata ndizi. Kisima hicho, karibu na Mitunguu, kililetwa na mheshimiwa Runji, mwakilishi wao katika bunge la kaunti. Watu walimshukuru sana.

Kisha watoto wakaanza kuhara. Kananu, bintiye Kiende wa miaka minne, alilazwa siku tatu. Alirudi nyumbani mbavu zikihesabika.

Maafisa wa afya wakapima maji. Ripoti yao ikabandikwa kwa chifu: "Vijidudu vya kinyesi vimepatikana katika chupa tatu kati ya nne. Huenda ndivyo vinavyowaharisha watoto."

Jumamosi Runji akaitisha mkutano.

"Wanasema *huenda*!" alipaza sauti. "Hata wao hawana uhakika!" Akajaza glasi maji ya kisima, akainywa yote. "Haya, nimekufa?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kiende pia alipiga. Mto ulikuwa mbali, naye alitaka sana kuamini.

Njiani alikutana na Gatwiri, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mama Kananu, mbona umefurahi hivyo?"

"Si hata wataalamu hawajui?"

"Hawajui yote. Lakini kwamba vijidudu viko, wanajua. Hawana hakika tu kama kila mtoto aliugua kwa sababu ya hayo maji. Mtu mkweli hukuambia ujuzi wake unaishia wapi. Runji ameshika lile neno "huenda" tu, hayo mengine akayaficha."

"Lakini alikunywa, tukamwona."

"Mtu mzima, glasi moja, siku moja. Hiyo si kupima. Fikiria hivi: ukichemsha maji bure, umepoteza kuni. Usipochemsha, na ripoti iwe kweli?"

Kiende alimkumbuka Kananu kwenye kitanda cha hospitali. Alipofika nyumbani, alichemsha maji mpaka yakatokota.

Mkutano uliofuata, alisimama.

"Mheshimiwa, unataka wataalamu wawe na uhakika kabisa. Na wewe, uhakika wako umeutoa wapi? Ulipima?"

Runji akapangusa uso. "Hapana, mama. Sijapima."

"Basi tupime tena, sisi wote tukiona. Na kabla ya majibu, kila mtu achemshe."

"Ni kweli!" watu wakaitikia.

Safari hii maafisa walikagua mpaka chini ya pampu. Saruji ilikuwa imepasuka, na choo cha shimo kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, upande wa juu wa mteremko. Wanakijiji wakafukia choo, wakachimba kingine mbali. Runji akaleta fundi wa saruji, na kisima kikatiwa dawa.

Baada ya miezi miwili, ripoti mpya ilisema: "Hakuna vijidudu vilivyopatikana." Kuhara kulikuwa kumepungua. Kananu alikuwa akifukuza kuku uani, mashavu yamejaa.

"Maji yetu ni safi milele!" Runji akatangaza mkutanoni.

Kiende akainua mkono. "Tunapima tena lini, mheshimiwa?"

Watu wote wakamgeukia Runji. Akacheka kidogo, akatoa kalamu, akaandika tarehe.