Supu ya Mzee Lukindo

Ukibandika kifaa kiitwacho kionjeshi chini ya taya, ulionja kila kilichoingia kinywani mwa mwigizaji uliyekuwa ukimtazama. Mhandisi Tunu Shemboza wa Tanga alikibuni kwa ajili ya vipindi vya mapishi. Watu wakakitumia kuonja supu ya Lukindo.

Katika filamu moja ndefu ya majonzi, Hiza Lukindo aliigiza baba aliyetapika ndani ya bakuli lake la supu harusini, kisha, kwa kuogopa aibu mbele ya wakwe, akainywa yote. Mtu alikikata kipande hicho akakirusha mtandaoni. Jiji zima likashindana: nani ataimaliza supu bila kutapika? Walioshindwa walijirekodi, nao wakatazamwa kuliko filamu yenyewe.

Siku moja Lukindo alifika kwenye karakana ya Tunu. Tunu alipomwona tu, akakimbilia sinki kutapika.

"Pole, mwanangu," mzee alisema mlangoni. "Nimezoea. Hata kinyozi wangu hunyoa amefumba macho."

Tunu akaelewa. Bongo za watu zilikuwa zimeufunga uso ule na ladha ile.

"Binti yangu anaolewa Jumamosi," Lukindo akaendelea. "Ameniomba nisikae ukumbini wakati wa kula. Ameniomba kwa adabu kabisa, na hilo ndilo linaloniuma."

Tunu akamrekodi akila biriani tamu, akairusha rekodi hiyo kila mahali ili ladha mpya iifute ile ya zamani. Watazamaji wakaja juu: "Mbona hatapiki?"

Jumamosi roboti wapakuzi walipoanza kugawa chakula, Lukindo alitoka kimyakimya, akaketi nyuma ya jiko. Tunu akamfuata na sinia la biriani, wale pamoja. Tunu alimeza tonge akimtazama mzee, likarudi, akalimeza tena.

"Usijitese, mwanangu."

"Kionjeshi ni changu, mzee wangu. Acha nile."

Mwanahawa, bibi harusi, alitokea akiburuza shela. Alikuwa amejutia ombi lake, akamtafuta baba yake meza zote. Akawatazama, akachuchumaa.

"Na mimi niliionja ile supu, baba. Nilicheka na wenzangu."

Akatia tonge mdomoni. Akaguna, mashavu yakamvimba, wanja ukamtiririka. Mgeni mmoja aliyemfuata kutoka ukumbini akainua kamera.

"Zima!" Tunu akafoka, mdomo umejaa wali.

Mwanahawa akameza. Akapumua, akamkazia baba yake macho.

"Sogeza kachumbari, baba," akasema. "Biriani yenyewe haina hata chumvi."