Kichwa cha Treni cha Baba

Asubuhi hiyo stesheni ilifurika abiria. Nyuma ya ukuta wa karakana, mkataji vyuma alikuwa amekwishawasha moto wake alipoona viatu vyekundu vimesimama kando ya behewa bovu.

"Dada, toka hapo! Cheche hazichagui mrembo."

"Basi zima kwanza." Binti hakugeuka hata kidogo. Alivaa sare ya unesi, mkononi ana kamera ndogo ya dijitali, ya kuenea kiganjani. "Nikimaliza nitatoka."

Akazima. Yeye, ambaye hakuwahi kumzimia moto hata bosi!

Tangu hapo nesi alipita kila akitoka zamu, kuzipiga picha treni kuukuu kabla hazijakatwa. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, wangu?"

"Nimekula moshi."

"Moshi haushibishi. Njoo kwetu, mama kapika."

Siku moja akamwonyesha kichwa cha treni cha kijani, kimeliwa na kutu. "Baba alikiendesha hiki mpaka akafa. Jumamosi namleta mama nimpige picha humo ndani. Anaumwa, mpenzi. Usikiguse."

"Haki ya Mungu, sikigusi."

Alhamisi bosi akaja na lori. Mkataji alimsihi weee, akaambiwa akate au avue ovaroli aende zake. Akakata. Kisha akashika simu mara kumi, na mara kumi akairudisha mfukoni.

Jumamosi mama mtu alikuja na gauni la zambarau, kaegemea bega la bintiye. Wakakuta magurudumu matupu. Mama akaliinamia moja, akalipapasa.

"Ndiyo haya?"

Nesi akamgeukia mkataji. "Hata kunipigia tu?"

Miezi mitano hakupokea simu zake. Kisha akapiga mwenyewe, analia: mama katutoka.

Baada ya mazishi wakaketi ngazini wawili tu.

"Nilisikia bosi alivyokubana," nesi akasema. "Nimeshakusamehe."

"Basi nikuoe."

Akamshika mkono wake wenye makovu ya moto. "Nakupenda. Lakini kila nikikutazama namwona mama ameinama pale. Nimepata kazi ng'ambo, naondoka Jumatatu."

"Nitakusubiri."

"Usinisubiri, wangu."

Alimsubiri miaka miwili. Wa tatu, nesi mwenziwe akamletea habari kwamba kaolewa.

"Heri," akasema. Akashusha miwani yake ya kazi, akawasha moto.