Tomasi Achagua Matibabu

Tomasi na mkewe Otilia wanaishi Weston, Toronto. Tomasi ana miaka sitini na mbili. Anaendesha basi la wasafiri uwanja wa ndege. Jumapili huimba besi kanisani.

Mwaka jana alipimwa damu, na majibu hayakuwa mazuri. Akatolewa kipande kidogo cha nyama mwilini kwa uchunguzi zaidi. Ikaonekana ana saratani ya tezi dume. Ilikuwa bado haijasambaa.

"Inatibika," daktari wa upasuaji alimwambia. "Kwa kupasuliwa, au kwa mionzi. Fikiria kwanza."

Jioni hiyo ugali ulipoa mezani.

"Baba Abigael, itolewe," Otilia alisema. "Kaka yangu aliificha mpaka ikaingia mifupani. Tukamzika."

"Sitaki kisu. Nivae nepi kama mtoto? Na mambo yetu ya chumbani? Bora mionzi. Haina madhara."

"Nani kakuambia?"

Tomasi akasogeza sahani. Hakuna aliyemwambia.

Siku zikapita. Walisalimiana tu, kila mmoja na hofu yake. Mwishowe Otilia alimwita jirani yao Mogaka, muuguzi wa wagonjwa wa saratani.

"Ungekuwa wewe, ungechagua nini?" Tomasi alimuuliza.

"Mzee, siwezi kukuchagulia. Saratani kama yako, njia zote mbili huitibu vizuri. Tofauti kubwa iko kwenye madhara."

"Kumbe mionzi nayo ina madhara?"

"Inayo. Inaweza kusumbua kibofu na utumbo. Nguvu za kiume zinaweza kupungua polepole. Ukipasuliwa, shida huja mapema. Mkojo huvuja, na nguvu hushuka. Kwa wengi mkojo hutulia baada ya miezi. Nguvu za kiume si lazima zirudi zote."

"Lakini wakishaitoa, si imekwisha?" Otilia aliuliza.

"Si kila mara, shemeji. Wengine huhitaji mionzi baadaye. Ndiyo maana damu huendelea kupimwa."

Mume na mke wakatazamana.

"Daktari wa mionzi umemwona?" Mogaka aliuliza.

"Bado."

"Omba kumwona. Nendeni wote wawili. Mwambie magonjwa yako yote, hata ya zamani. Na umuulize una muda gani wa kuamua."

Walikwenda. Daktari wa mionzi alikuwa mama mpole.

"Una ugonjwa mwingine wowote?" aliuliza.

Tomasi alisita. Otilia akamshika mkono.

"Utumbo mkubwa una vidonda," Tomasi alisema. "Ni miaka mingi sasa. Mara nyingine natoa damu chooni. Nilidhani hauhusiani na saratani."

"Asante kwa kuniambia. Kwa utumbo kama huo, mionzi inaweza kukuletea shida kubwa. Kwako wewe, naona upasuaji ni salama zaidi."

Wakiwa kwenye treni ya kurudi, Tomasi alimgeukia mkewe.

"Naogopa," alisema.

"Hata mimi. Nilikusukuma kwa sababu ya kaka yangu, sikukusikiliza. Mkojo ukivuja, tutafua. Ya chumbani tutajifunza upya. Ila usinifiche kitu."

"Sitakuficha. Nitapasuliwa."

Alipasuliwa mwezi wa sita. Alirudi nyumbani na mpira wa mkojo. Ulipotolewa, alivaa pedi kwa miezi kadhaa, akafanya mazoezi ya kukaza misuli aliyofundishwa. Kuvuja kukapungua, akarudi kazini. Nguvu za kiume hazijarudi zote. Yeye na Otilia walimweleza daktari bila aibu, wakapewa dawa. Vipimo vya damu havijaonyesha dalili ya saratani.

Jumapili moja, baada ya ibada, Tomasi aliwaeleza wanaume wenzake yaliyompata. Mmoja alicheka. Wengine waliinamisha vichwa.

Japhet, mwimbaji mwenzake, alimfuata hadi kwenye gari.

"Kaka Tomasi, hicho kipimo kinauma?"

"Kinaanza na damu tu, mkononi. Kwani vipi?"

"Baba yangu alikufa kwa ugonjwa huo. Nina miaka hamsini na sijawahi kupima."

"Basi kesho mpigie daktari wako. Nikusindikize?"

Japhet akampa mkono.

"Nisindikize."