Fungua Mdomo, Munene

Tabby aliisoma meseji mara ya tatu, amesimama katikati ya duka lake pale Huruma.

"Tabby, harusi tuiache. Tafuta mwanaume mzima. Usinipigie."

Akampigia palepale. Simu ikashikwa. Kilichosikika ni sauti ya mwanamke, laini, karibu kabisa:

"Fungua mdomo, Munene. Fungua zaidi. Leo unaniogopa?"

Tabby alifunga duka akatoka na eproni yake. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki. Miezi minne imepita tangu Munene, fundi wa kuchomelea mageti, apasuliwe kansa ya shavu, na miezi hiyo yote alikuwa amekataa kuonana na mchumba wake.

Alisukuma mlango wa kliniki kama askari. Munene ameketi, mdomo wazi, na nesi wa hijabu amemwinamia na mkasi mdogo.

"Kumbe ni huyu!"

"Wewe ndiye Tabby?" nesi Hawa akauliza. "Afadhali umekuja. Huyu hulia hapa kila wiki juu yako."

"Na huo mkasi?"

Hawa akamgeukia Munene. "Mwambie mwenyewe."

"Ni nywele," Munene akasema polepole, maneno mazito. "Walitoa shavu la ndani, wakaziba na ngozi ya kifua. Waliivuta na nyama yake na mshipa wake wa damu, wakaipitisha chini ya shingo. Imeshika vizuri. Lakini bado inajiona iko kifuani. Inaota nywele, Tabby. Ndani ya mdomo. Ungenibusu vipi?"

Tabby alimtazama. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka hadi akashika ukuta, machozi yakimtiririka.

"Na kansa?"

"Vipimo ni safi," Hawa akajibu.

"Munene, uko hai, umepona, na unaniacha juu ya nywele? Leta huo mkasi, sister, nionyeshe."

Munene naye akaanza kucheka, mdomo umeenda upande.

Desemba walifunga ndoa kwao Moiben. Munene alipokwama kwenye kiapo, mchungaji akataka kummalizia.

"Mwache, Pasta," Tabby akasema. "Tuna wakati."

Kanisa zima likangoja. Munene akavuta pumzi, akarudia kiapo chote, neno baada ya neno, na hakuruka hata moja. Kisha akambusu bibi arusi bila kungoja kuambiwa.